BSA, Vespa au Honda CG125: mstaafu wa Dar afufue ipi?

Mkuu, kwa nilivyokuelewa unafikisha miaka 60 Desemba, una banda nyuma ya nyumba hapo Tabata, na umeonyeshwa pikipiki tatu za zamani: BSA Bantam ya marehemu baba mkwe wako huko Moshi, Vespa iliyolala kwenye ua mmoja Upanga, na Honda CG125 ya Kibaha iliyokuwa ya bwana shamba, injini imeganda. Unauliza ufufue ipi. Waliotangulia kukujibu wanakushauri ununue pikipiki mpya ya Boxer uwake nayo. Hawajakuelewa. Wewe hutafuti usafiri, unatafuta pa kwenda asubuhi baada ya chai.

Mimi nimestaafu mwaka wa nne sasa. Kazi yangu ilikuwa ya mafaili, spana nimezijulia uzeeni. Pikipiki moja nimeifufua na ninaiendesha, nyingine iko stoo kwenye maboksi. Nianze na ya maboksi maana ndiyo iliyonipa akili.

Nayo ilikuwa Bantam. Niliipenda kwa sababu mwalimu mkuu wetu alikuwa nayo nikiwa darasa la tatu, tukisikia mlio wake tunakimbilia mstarini. Muingereza aliitengeneza kuanzia 1948 mpaka 1971, kwa kuiga DKW RT125 ya Mjerumani. Ni tuustroku (injini ya mipigo miwili), haina valvu, ukiifungua unaelewa mambo yote kwa siku moja. Nikadhani kinachoeleweka kirahisi kinatengenezeka kirahisi. Siku ya kwanza spana ya 12 ikagoma kuingia kwenye nati, ya 13 ikacheza. Kumbe nati zake ni za vipimo vya zamani vya Kiingereza, na hata zile spana za inchi unazokuta kwenye seti za Kariakoo nyingi hazikai sawasawa. Nilishakula kingo za nati nne kabla ya kuelezwa.

Hilo lilikuwa dogo. Niliinunua bila kabureta, bila kava la magneto, bila bomba la moshi. Muuzaji aliniambia "hivyo ni vitu vidogo mzee, vinapatikana". Ni kweli vinapatikana, Uingereza. Mkerezaji wa Gerezani alinitolea bushi na ekseli safi kabisa, lakini kabureta hukerezi. Kila mtoto wa ndugu anayerudi likizo nikawa namwagiza kitu, kikifika nagundua kingine kinakosekana. Mwaka mzima nimekuwa mstaafu wa kusubiri mizigo.

Kwa hiyo ukienda kukagua, usihangaike kuuliza kama inawaka. Hesabu visivyokuwepo. Silinda iliyokufa inachongwa ndani upya au inatiwa slivu (bomba jipya la ndani), krenki inapelekwa kwa fundi, beringi zinauzwa kwa namba zilizogongwa pembeni yake na duka la beringi halijali ni ya pikipiki gani. Lakini kava la pembeni, mita ya mwendo, taa yake halisi, kifuniko cha tangi, vitu hivyo hakuna fundi atakayekutolea hewani. Pikipiki nzima iliyoganda ni bora mara kumi kuliko inayowaka lakini imenyofolewa.

Vespa sitaisema sana. Haina fremu ya mabomba kama pikipiki nyingine, bodi lake la bati ndiyo fremu. Upanga ni karibu na bahari, chumvi haina urafiki na bati. Inua mpira wa chini uchokonoe kwa bisibisi kuzunguka pedeli ya breki. Ikizama, ondoka. Ukipaka puti juu ya pale umepamba jeneza.

Sasa hiyo CG, aina ileile niliyoifufua mimi. Nikisema ichukue, wapo watakaocheka kwamba si ya zamani vya kutosha, wakati zilianza kutoka 1976 na nyingine ni wazee kuliko vijana wanaocheka. Honda waliibuni kwa ajili ya nchi kama zetu, mahali ambapo huduma ya gereji ni ya kubahatisha. Kamshafti yake inazungushwa na gia na valvu zinasukumwa na vijiti, kwa hiyo hakuna cheni ya taimingi ya kulegea. Halafu Wachina wakaiiga injini hiyohiyo wakaijaza kwenye bodaboda zao. Ndiyo maana pistoni ya milimita 56.5, ringi na gasketi unavipata Kariakoo leo kabla ya adhuhuri. Usinunue kwa jina tu, beba cha zamani ulinganishe: pini ya pistoni, urefu wa bloku, matundu ya bolti. Yangu bloku ilikubali mara moja, kava la klachi likagoma kabisa. Za mwanzo pia ni volti 6 na zinatumia plati (vikato vya umeme wa cheche), usije ukafunga balbu ya bodaboda ukalaumu waya.

Ya kwangu ilikuwa imeganda kama hiyo yako. Kosa ni kupanda juu na kupiga kiki kwa hasira, utavunja meno ya kiki. Toa plagi, mimina oili iliyochanganywa na dizeli, iache wiki. Kisha weka gia ya juu, sukuma tairi la nyuma mbele na nyuma taratibu. Yangu iliachia siku ya tisa, mke wangu akadhani nimeanguka kwa jinsi nilivyopiga kelele.

Pia kuna magoti, mkuu. CG ina uzito wa karibu kilo 100, utaipandisha kwenye stendi peke yako.

Kadi ya usajili je? Uliza kabla ya bei. Namba ya chesesi na ya injini zifanane na kadi, na mwenye jina kwenye kadi awepo au warithi wake wawe na karatasi za mirathi. Pikipiki zilizokuwa za miradi, nyingi zimepita mikono mitano bila kuhamishwa umiliki, na TRA (Mamlaka ya Mapato) hawatasikiliza hadithi ya bwana shamba.

Ukifika kwenye rangi usipige wakati wa masika. Unyevu wa Dar unaifanya rangi itoke na ukungu mweupe, mimi nimesugua tangi upya kwa ujinga huo. Subiri Juni au Julai.

Na kwa fundi yeyote usitamke neno kiinua mgongo. Mimi nilitamka. Ovahoo iliongezeka bei tukiwa bado tumesimama.

Bantam ya baba mkwe usiiuze, iache Moshi palepale ilipo chini ya paa, iwe ya pili. Kibaha nenda asubuhi na tochi ya kumulika ndani ya tangi. Piga picha pande zote mbili na namba ya injini kwa karibu, uziweke hapa kabla hujatoa hata shilingi. Kama namba imepigwa tupa tutaiona.