Neno "debunk" na mbunge aliyekataa kukaa

Swali: Kitenzi cha Kiingereza "debunk" kina maana gani hasa?

Jibu: Ni kuonyesha, kwa ushahidi, kwamba jambo linaloaminiwa na wengi ni uongo au limetiwa chumvi. Mtu akidai Ukuta Mkuu wa China unaonekana kwa macho kutoka mwezini, nawe ukamkumbusha kwamba upana wake ni mita chache tu na mwezi uko umbali wa kilomita kama 384,000, basi umeshafanya kazi ya kitenzi hicho.

Swali: Kimetoka wapi?

Jibu: Hapa pana kisa. Mwaka 1820 Bunge la Marekani lilikuwa likivutana kuhusu kuipokea Missouri kuwa jimbo, na utumwa ndio uliowasha moto. Wajumbe wamechoka, wanataka kura ipigwe. Akasimama Felix Walker wa North Carolina, aliyewakilisha watu wa kaunti ya Buncombe. Wenzake wakamsihi akae. Akagoma, akasema lazima azungumze kwa ajili ya Buncombe. Yaani ukumbi usisikilize ukitaka, mradi nyumbani wajue kwamba naye kasema! (Wabunge wa aina hiyo hawajaisha.) Jina la kaunti likawa neno la porojo, tahajia ikageuka "bunkum", kisha likakatwa mkia likabaki "bunk". Mwaka 1923 mwandishi William Woodward akalipachika "de-" mwanzoni, katika riwaya yake. Hiyo "de-" hufanya kazi ifanywayo na "-ua" yetu: ziba, zibua, funga, fungua.

Swali: Je, ndiyo "bunk" ya kitanda cha ghorofa?

Jibu: Hapana. Wanafanana sura tu, hawana undugu.

Swali: "Refute" si ndiyo hiyo hiyo?

Jibu: Ni jirani yake, tena mkongwe zaidi. Asili yake ni Kilatini, kurudisha nyuma, kama mlinzi anavyomsukuma mvamizi. Katika "refute", hoja hupambana na hoja. "Debunk" ina kejeli ndani yake, na shabaha yake ni imani iliyoenea. Siku hizi wengi hutumia "refute" kwa maana ya kukana tu bila kuthibitisha lolote, jambo linalowaudhi wapenda lugha, nami nikiwemo.

Swali: Kwa Kiswahili tusemeje?

Jibu: "Kukanusha" hakutoshi, hata mwizi hukanusha. Mimi huandika "kuumbua uzushi". Kuumbua kuna ile aibu ya uongo kuvuliwa nguo mbele za watu, ambayo "kuthibitisha kuwa si kweli" haina.