Kabla Hujanunua Trekta, Hesabu Ekari za Majirani

Mwalimu mmoja mstaafu ameniandikia kutoka Mpwapwa. Ana ekari 40, analima mahindi na alizeti, kiinua mgongo chake kimeshaingia benki, na swali lake ni lile ninaloulizwa kila mwaka ikifika Agosti: anunue trekta lake au aendelee kukodi la watu? Anasema amechoka kupiga simu zisizopokelewa. Shikamoo, mwalimu. Nakujibu hapa mbele ya wote kwa sababu najua wengi mnaosoma mna ekari zenu thelathini au hamsini, na ndoto yenu ni hiyo hiyo ya kuliona trekta limeegeshwa uani, ufunguo uko kwako.

Mimi nalima upande wa Kongwa, si mbali na soko la mahindi la Kibaigwa. Leo trekta ninalo na deni lake nimelimaliza. Nalisema hilo kwa sauti kwa sababu wapo walioniambia mwanamke hawezi kuendesha biashara ya trekta. Lakini kabla ya hapo nilikodi kwa miaka mingi, na niliyoyapitia huko ndiyo yanayonifanya nisikujibu kwa neno moja.

Huku kwetu msimu wa mvua ni mmoja. Inaanza mwishoni mwa Novemba au Desemba, na Aprili imekwisha. Katikati, mara nyingi Februari, inakata kwa wiki kadhaa. Mahindi yaliyowahi yanakuwa na mizizi ya kuvumilia, yaliyochelewa yanakauka yakiwa hayajafika kiunoni. Kwa hiyo kila mkulima anataka trekta katika siku zile zile chache baada ya mvua ya kwanza. Mwenye trekta ni mmoja, wateja ni kijiji kizima, na foleni anaipanga yeye.

Kuna msimu ambao mpaka leo nikiukumbuka moyo unaniuma. Nilitoa fedha ya kutanguliza mwezi Oktoba, mkononi, mbele ya shahidi. Yule bwana akaniambia, "Mama, wewe ni wa kwanza, mvua ikinyesha tu niko kwako." Mvua ikanyesha, na ikanyesha vizuri. Nikapiga simu, akasema yuko njiani. Kesho yake yuko njiani. Siku ya tatu nikasikia muungurumo, nikatoka na furaha yangu, nikaliona trekta ng'ambo ya barabara kwenye shamba la mzee mwenye mamia ya ekari. Nilivuka nikaenda kumsalimia. Hakuteremka. Alinipungia mkono akaendelea kulima.

Alipokuja kwangu unyevu ulishaondoka na udongo ulishajifunga. Visahani vya plau lake vilikuwa butu, vinaruka juu ya ardhi badala ya kuikata. Nilichomeka fimbo kwenye mfereji, ikaishia kina cha vidole vinne. Tandiboi ndiye aliyepima, kwa hatua 70 kwa 70 kama ilivyo desturi, ila hatua zake zilikuwa za mtoto wa darasa la pili. Shamba langu likaongezeka ekari ambazo marehemu baba hakuniachia. Nililipa zote, kwa sababu angeondoka na plau lake ningebaki na magugu. Mwaka ule nilivuna magunia ya kula nyumbani, ya kuuza hayakuwepo. Na wanawake wenzangu wa kijijini wana simulizi hiyo hiyo: sisi tunalipa mapema na kulimiwa mwisho.

Sasa mwalimu, usikimbilie kusema, "Ndiyo maana nataka langu." Kaa chini tupige hesabu.

Chukua bei ya kulima ekari moja kuwa Sh 60,000. Dizeli lita 6 kwa Sh 3,000 ni 18,000. Dereva na tandiboi 7,000. Oili, filta, greasi, visahani, matairi na fundi, weka 10,000, na hapo nimekuhurumia. Inabaki Sh 25,000. Trekta lililotumika pamoja na plau lake, tuseme umelipata kwa milioni 40. Gawanya. Ni ekari 1,600 kabla fedha yako haijarudi, na riba sijaigusa. Ukiwa na ekari 40 tu, trekta litakuwa linakulimia kwa miaka 40 ili lijilipe. Hakuna trekta la umri huo ambalo halijabadilishwa kila kitu ndani.

Ukitaka lijilipe kwa miaka mitano unahitaji ekari 320 kila msimu. Trekta la farasi 75 lenye plau la visahani vitatu linalima ekari nane hadi kumi kwa siku kama halikuharibika. Hizo ni siku zaidi ya thelathini za kazi mfululizo. Arobaini ni zako. Hizo 280 nyingine ni za nani? Kama huwezi kuwataja kwa majina, trekta bado si lako.

Lakini upande wa pili wa hesabu nao wengi hawaupigi. Kuchelewa kupanda kukikupunguzia magunia manne tu kwa ekari, kwenye ekari 40 ni magunia 160. Kwa Sh 50,000 gunia, umepoteza milioni 8, wakati kulimiwa kwenyewe ni milioni 2.4. Mkulima anabishana na mwenye trekta kuhusu Sh 5,000 ya ekari, halafu anaacha milioni nane zipite kwa kusubiri. Kinachotutesa sisi tunaokodi ni siku za kusubiri. Bei ni jambo dogo.

Ndiyo maana mwaka uliofuata sikutafuta trekta, nilitafuta majirani. Nilipita nyumba kwa nyumba kwa wale tunaopakana mashamba, nikianza na wanawake. Tukaandika kwenye daftari moja ekari zote zinazoshikana, zikapita 200. Tukaenda kwa mwenye trekta mwingine Septemba, kabla hajabanwa na wateja, tukamwambia: kazi hii yote ni yako, mahali pamoja, huhamishi plau barabarani, huchomi dizeli ya bure. Fedha taslimu hatukumpa. Tulinunua dizeli, ikakaa kwenye mapipa kwetu, na malipo yakawa kila shamba likiisha. Alikuja kwetu kabla hajaenda kwa mtu mwingine yeyote. Yule wa kwanza alinipigia simu kuuliza kwa nini sijamtafuta! Trekta hufuata ekari, ndugu zangu, halifuati ahadi.

Na vipimo tulishika wenyewe. Siku hizi simu ya kawaida ina programu ya kupima eneo: unatembea kuzunguka mpaka, inakuambia ekari ngapi na nukta. Tandiboi akiona simu inatembea, hatua zake zinarefuka.

Nilipokuja kununua, wateja nilikuwa nao kwenye daftari. Huo ndio msingi wangu, na nataka uuelewe: ekari zilitangulia, trekta likafuata. Nilichukua Massey Ferguson 290 iliyotumika, fedha nyingine za mahindi, nyingine mkopo. Tangu 2021 baadhi ya benki zimeshusha riba ya kilimo hadi asilimia 10 au chini yake, na Benki ya Maendeleo ya Kilimo ipo kwa ajili yetu, kwa hiyo usimpe mtu wa mtaani hati yako ya shamba kwa riba ya kila mwezi.

Kilichonilipia deni haraka si plau. Ni tela. Kulima ni Desemba na Januari, basi. Kuanzia Juni mahindi yanatakiwa yatoke mashambani yafike Kibaigwa, na trekta langu halilali. Baadaye nikaongeza mashine ya kupukuchua inayozungushwa na trekta lenyewe, napiga magunia ya watu kwa malipo ya gunia. Anayenunua trekta na plau peke yake amenunua kazi ya miezi miwili na gharama za miezi kumi na miwili.

Kongwa tunalo somo ambalo vijana wetu hawafundishwi vya kutosha. Waingereza walikuja hapa kati ya 1947 na 1951 kulima karanga kwa matrekta. Walikuwa na fedha za serikali yao, mafundi, meli, kila kitu. Mengi ya matrekta yalikuwa masalia ya jeshi, yakafa mapema, na spea hazikuwepo. Ardhi yetu ya mfinyanzi ikikauka inakuwa ngumu kama saruji, ikala vyuma vyao na karanga zikashindwa kung'olewa. Mpango ukafutwa, na zaidi ya pauni milioni 30 zikapotea. Kama taifa zima lilishindwa kwa kutanguliza chuma na kuiacha mvua na udongo nyuma, wewe na kiinua mgongo chako ni nani usipige hesabu kwanza?

Nasema hivi kwa uchungu kwa sababu nimeona wastaafu. Mtu ametumikia nchi miaka thelathini, ananunua trekta Oktoba, anampa mpwa wake aendeshe. Mpwa hajui kwamba filta ya hewa, kwa vumbi letu hili, inafunguliwa na kusafishwa kila siku. Greasi hapaki. Oili ya injini inayotakiwa kubadilishwa kila saa 250 anaibadilisha ikishakuwa lami. Ekari anazolima usiku hazifiki kwenye daftari. Machi trekta liko juu ya mawe, halina matairi, na mzee anatafuta wa kumuuzia. Mpende mpwa wako, lakini trekta mpe dereva mwenye kujua, umlipe kwa ekari, na usome mita ya saa wewe mwenyewe kila jioni.

Basi mwalimu, fanya hivi. Kabla ya kwenda Dar kuangalia trekta, tembea kwa majirani na daftari. Ukipata ekari 300 zilizoandikwa, nunua, na nenda na fundi wako, si wa muuzaji. Liwashwe likiwa la baridi. Likitoa moshi wa bluu, linakula oili. Nyanyua plau, zima injini, subiri: likishuka lenyewe upesi, haidroliki imechoka. Uliza spea zake unazipata Dodoma mjini, maana kusubiri beringi kutoka mbali wakati mvua inanyesha ni kurudi kule kule kwenye kusubiri.

Ukikosa ekari hizo, acha trekta, nunua ripa, chuma cha kuchana mistari ardhini bila kugeuza udongo wote. Watu wengi hawalifikirii hili. Ripa ni bei ndogo sana ukilinganisha na trekta, unaifunga nyuma ya trekta la mtu yeyote, na inachana ardhi Oktoba ikiwa kavu, wakati matrekta yote yamelala na wenye nayo wanatafuta kazi. Mistari inangoja mvua. Mvua ya kwanza ikishuka maji yanaingia kwenye mistari, wewe unapanda siku hiyo hiyo, hupigi simu kwa mtu. Ni bora mara nyingi kuliko kuberega, yaani kupanda bila kulima kwanza, ambako wengi wetu tunakimbilia tukikosa trekta. Msimu ujao ongeza planta, mashine ya kupandia mbegu, yako mwenyewe. Mwenye trekta akija, anakuta chuma chako kikali, vipimo vyako na dizeli yako, na yeye analeta injini tu.