Kuigiza, stanti na kufundisha: kazi hii inalisha mpaka uzeeni?

Mdogo wangu, umeuliza kama sarakasi na kuigiza vinaweza kukulisha mpaka uzee, maana hotelini Nungwi unakoruka msimu umefungwa, goti lako linavimba jioni, na kaka zako wanakusukuma uchukue bodaboda. Mdau mmoja hapo juu amekujibu "hakuna hela huko, achana nako". Mimi nakula kwa kazi hii tangu enzi Bagamoyo bado inaitwa Chuo cha Sanaa, kabla haijawa TaSUBa (Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo) mwaka 2007, na mpaka leo nakula, ingawa siku hizi nafundisha zaidi kuliko ninavyoruka. Jibu langu ni ndiyo, inalisha. Ila mtaji wako umeuhesabu vibaya.

Umeandika kwamba huna woga hata chembe na unaweza kuruka toka ghorofani ukiambiwa. Mkuu, wasio na woga wamejaa kila mtaa na bei yao ni ya chini sana. Anayetafutwa kwenye shuti, yaani kwenye kurekodi filamu, ni yule anayeweza kurudia. Unaanguka ngazini, dairekta anafurahi, kisha anahamishia kamera chini na anataka tena. Taa inaleta kivuli, tena. Mwenzako anasahau maneno, tena. Na kila mara uanguke palepale, bega lilelile likitangulia, uso ukielekea upande uleule, la sivyo mhariri hana cha kuunganisha. Wengi niliowaona wakiumia hawakuumia kwenye ruka la kwanza. Waliumia baadaye, wameshachoka, halafu wakaongeza mbwembwe kwa sababu watu walipiga makofi.

Sarakasi zetu Tanzania zina ukoo unaojua jambo hili. Mwaka 1965 serikali ilipeleka vijana China kujifunza, wakarudi 1969 na kuwa kikundi cha taifa, na mengi tunayofanya mpaka leo yametokana na mkono ule. Walimu wetu walitukalisha kwenye kubingirika hadi tukanuna. Kidevu kifuani. Toa pumzi unapogusa chini. Tua kwenye nyama, usitue kwenye mfupa. Kiganja na mkono mzima vipige chini kwa pamoja, usijizuie kwa kifundo cha mkono. Sisi tulitaka samasoti za ufukweni ili wazungu wapige picha! Lakini waliovumilia kubingirika ndio ambao mabega yao bado yanafanya kazi.

Kuhusu kuigiza, usiihesabu kama kazi ya pili ya kujazia. Kuanguka ni kuigiza. Baba aliyeletewa habari za msiba haanguki kama jambazi aliyepigwa risasi. Magoti yanaishiwa kwanza, mkono unatafuta ukuta, macho bado yapo kwa aliyeleta habari. Ukianguka kiufundi tu, mtazamaji anaona mwanasarakasi. Na vaa nguo za mhusika tangu siku ya kwanza ya mazoezi. Kanzu inakunyima hatua ndefu na inanasa kisigino, kwa hiyo mtu aliyezoea kuruka na suruali ya mpira anakuja kujikwaa siku ya shuti. Ukizoea mapema, hiyo kanzu inaficha pedi za magoti na nyonga vizuri kuliko suruali yoyote.

Hapo hapo nikuambie jambo ambalo waigizaji wetu wengi hawalijui, na linaonekana kwenye ugomvi wa tamthilia zetu. Kwenye kofi, kukabwa na kuvutwa nywele, anayeongoza ni anayefanyiwa. "Mkabaji" anaweka mikono tu, wala habani. Anayekabwa ndiye anayeishika ile mikono, anayumba, anakoroma. Kofi linapita mbali na uso, kamera imewekwa mahali ambapo ile nafasi haionekani, na mlio anaupiga anayepigwa mwenyewe kwa viganja chini ya fremu, kamera isipoona. Kabla ya yote mnatazamana machoni. Hakuna kutazamana, hakuna kofi. Anayekuambia "nipige kweli ili itoke vizuri" hajui kazi, hata awe staa.

Sasa uzee. Mtafute Yakima Canutt, Mmarekani aliyeanzia kwenye mashindano ya kupanda farasi wakali. Mwaka 1939, kwenye filamu ya Stagecoach, alidondoka katikati ya farasi wanaokimbia na gari la farasi likapita juu yake. Ingeishia hapo tungemsahau. Alipozeeka alipanga matukio ya wengine. Mbio za magari ya farasi kwenye Ben-Hur ya 1959 ni kazi aliyoisimamia, na ndiye aliyewafundisha waigizaji kuendesha magari yale. Mwaka 1967 alipewa Oscar ya heshima, na sababu mojawapo ilikuwa vifaa alivyobuni vya kuwalinda watu wa stanti, wanaofanya matukio ya hatari kwenye filamu. Alikufa akiwa na miaka 90. Oscar yenyewe imechelewa sana kuwatambua watu hawa kama kundi. Tuzo ya stanti imetangazwa kuanza mwaka 2028.

Kwa hiyo usingoje goti life ndipo ufundishe. Anza sasa, hata kwa watoto wa shule ya jirani Jumamosi asubuhi. Mwili wako unajua samasoti lakini mdomo wako haujui, na siku utakapoweza kumweleza mtoto mwoga mpaka akapinduka salama, siku hiyo unaweza pia kumweleza dairekta kwa nini ngazi ile haifai. Hapo ndipo unalipwa kama mpangaji wa tukio, wala huhitaji kuanguka wewe. Na uigizaji unakua pamoja na mvi: baba mkwe, mzee wa baraza, mganga. Bagamoyo nenda ukiweza, kwa sababu utatoka na ngoma, jukwaa na ualimu, si cheti tu.

Hela: hoteli inalipa usiku huohuo, filamu inalipa inapojisikia. Andikiana nao, hata karatasi moja, nani analipa hospitali. Kuna prodyuza aliwahi kuniahidi magodoro na maboksi matupu ya kuangukia, nikafika nikakuta mito ya kochi. Nikakataa, nikaitwa mzee anayeringa. Akapatikana kijana mwingine, akavunjika kifundo, na nauli ya kwenda kwa daktari alichangiwa na waigizaji wenzake.

Bodaboda chukua kama unaihitaji, haikatazi mazoezi ya asubuhi. Lile goti linalovimba jioni lione daktari au fiziotherapia kabla msimu haujafunguliwa, na kwenye mnara wa watu waliopandiana acha kuwa mtu wa chini mpaka upate jibu. Goti likiruhusiwa, nirekodie video ukianguka ngazi tatu za chini, mara sita mfululizo bila kukata. Nitaanza kuangalia ya tano.