Chipu inayoiga ubongo na betri ya msituni

SWALI: Nataka kifaa cha kunasa mlio wa misumeno ya mnyororo msitu wa Mabira. Chipu zinazoiga ubongo zitaokoa betri? – Msomaji, Lugazi

JIBU: Ndiyo, ila pigia hesabu kifaa kizima. Chipu ya TrueNorth ya IBM (2014) ina neuroni (seli bandia za ubongo) milioni 1 na hula takriban miliwati 70, kwa kuwa sehemu zake huamka ishara inapofika tu. Betri ya simu, mAh 3,000 kwa volti 3.7, ingeiendesha siku 6 na nusu hivi. Adui ni modemu, sehemu inayotuma data kwa mtandao wa simu: ukirusha sauti mfululizo, faida yote inapotea. Chipu itambue mlio kwanza, ndipo modemu iwashwe itume ujumbe mfupi. TrueNorth ni ya utafiti, kwa hiyo anza na ESP32 (chipu ndogo ya kawaida, isiyoiga ubongo), maikrofoni na modeli ndogo ya kutambua sauti. Ifundishe pia milio ya bodaboda, la sivyo itakusumbua usiku kucha.