Dokta wa Michezo Anajibu: Pumzi ya binti imeshuka kweli, au amekua tu?

SWALI: Dokta shikamoo. Niko Pasua hapa Moshi, binti yangu ana miaka 14 yuko form two, mbio anazipenda toka mdogo, UMITASHUMTA, ile michezo ya shule za msingi, alikimbia. Mwaka jana mwalimu wa michezo aliwapima kwa ile testi ya bipu, wanakimbia mita 20 kwenda na kurudi kufuata mlio, akafika levo ya 7, mwalimu akaingiza kwenye simu ikatoka VO2 max 49. Mwaka huu kafika levo ileile ya 7 ila simu imetoa 47.5, akaambiwa pumzi imeshuka, kanenepa, na namba zao zimebandikwa ukutani kila mtu anaona. Alikuwa na kilo 42 sasa ana 50. Mtoto kasusa mazoezi kabisa. Nimpunguzie chakula au nimkazanie?

JIBU: Marahaba mama. Chakula usimpunguzie hata kijiko, tuanzie hapo.

Sasa hiyo namba. VO2 max ni oksijeni nyingi kabisa ambayo mwili unaweza kutumia ukikimbia mpaka mwisho. Ile testi haipimi oksijeni mama, hakuna mashine inayopima hewa hapo, inapima mtoto kafika spidi gani basi. Ilitengenezwa Canada na Luc Léger na wenzake miaka ya 1980, inaanza kilomita 8.5 kwa saa inaongezeka nusu kilomita kila dakika, na kila dakika ni levo moja, kwaiyo levo ya 7 ni kilomita 11.5 kwa saa. Alafu kuna fomula inakadiria oksijeni, na kwa watoto fomula hiyo inachukua vitu viwili tu, spidi ya mwisho na umri. Nimepiga hesabu ya binti yako: spidi 11.5 na miaka 13 inatoa 49, spidi ileile na miaka 14 inatoa 47.5. Umeona? Pumzi haijashuka popote, kilichobadilika ni birthday! Mtoto kaambiwa pumzi imeshuka kwa sababu kaongeza mwaka mmoja, hii imeniuma sana.

Na kuna la pili kubwa zaidi. Hizo 49 na 47.5 ni mililita za oksijeni kwa kila kilo moja ya mwili kwa dakika. Tuchukulie ni sahihi, zidisha kwa kilo zake: mwaka jana 49 mara 42 ni kama lita 2.06 kwa dakika, mwaka huu 47.5 mara 50 ni kama lita 2.38. Yani moyo na mapafu na damu yake vinafanya kazi kubwa kuliko mwaka jana, na ameweza kubeba kilo 8 za ziada kwa spidi ileile mpaka levo ileile. Mimi hapo naona mtoto mwenye maendeleo mazuri tu.

Tatizo la kugawanya kwa kilo ni kwamba mtoto anayekua hakui sawasawa kila mahali. Msichana akibalehe mwili unaongeza mafuta, ndo maumbile yake hayo, na mafuta hayatumii oksijeni nyingi wakati wa kukimbia ila kwenye kugawanya yanahesabiwa kilo kamili. Mvulana yeye anaongeza misuli zaidi na damu yake inapanda hemoglobini, ile inayobeba oksijeni, kwaiyo namba yake kwa kilo inabaki palepale miaka mingi wakati ya msichana inateremka polepole, hata kama wote wanafanya mazoezi. Na darasa moja la form two lina aliyebalehe miaka miwili iliyopita na ambaye bado kabisa, sasa ukiwapanga kwenye listi moja ukutani unakuwa umepanga nini hasa? Nani kakua mapema. Nenda kamwone mwalimu kwa upole, bila ugomvi, muombe atoe ile karatasi, kila mtoto alinganishwe na yeye mwenyewe, kiwanja kilekile, saa zilezile, na pembeni ya levo aandike urefu na uzito.

Kitu kimoja ningekuomba ukiangalie. Kama anachoka hata kupanda ngazi, au hedhi ni nzito, mpeleke apimwe wingi wa damu. Kwa umri wake hemoglobini chini ya gramu 12 kwa desilita ni upungufu, na hiyo kweli inakata pumzi, ila tiba yake ni daktari sio kumkimbiza zaidi. Mazoezi arudi taratibu na anachokipenda, WHO wanasema watoto wa miaka 5 mpaka 17 wapate wastani wa dakika 60 kwa siku za kujishughulisha mpaka kupumua kwa nguvu, mpira wa pete unahesabika, kutembea haraka kwenda shule pia.

SWALI: Habari dokta, mimi ni baba niko Sakina Arusha. Nilimvalisha kijana wangu wa miaka 11 saa yangu janja akiwa anacheza mpira, mapigo ya moyo yakafika 203, mimi nikikimbia hata 180 sifiki. Nimeogopa, nimzuie?

JIBU: Usimzuie baba. Mtoto akikimbia mpaka mwisho wa nguvu zake moyo kufika 195 mpaka 205 ni kawaida kabisa, na kiwango hicho karibu hakibadiliki utoto wote mpaka ujana, kwaiyo ile hesabu ya kukadiria mapigo ya juu kabisa, 220 toa umri, waachie watu wazima. Moyo wake ni mdogo, kila pigo linasukuma damu kidogo, lazima upige haraka. Na kama saa imetoa na VO2 max usiihesabu, saa inajua taarifa zako wewe sio zake, na kwenye mkono mwembamba inachezacheza. Wala usiilinganishe namba hiyo na ya mtoto wa Dar, Arusha iko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari na hewa huku ni nyepesi kidogo.

Ila akizimia akiwa anakimbia, akilalamika kifua kinauma, moyo ukienda mbio akiwa amekaa tu, au akipumua kwa mluzi, hapo simamisha mazoezi mpeleke hospitali siku hiyohiyo.