Usimfanye Mungu Mdhamini wa Bei Yako

Ninauza nafaka Soko la Mbuyuni hapa Moshi, na jina ninalolisikia kuliko yote tangu asubuhi mpaka tunafunga ni la Mungu. Muuzaji akiombwa apunguze: "Haki ya Mungu, hata mimi sikununua kwa bei hiyo." Mteja naye: "Mungu mmoja, hela niliyonayo ni hii tu." Muda si muda bei imeshuka, na noti nyingine imefunguliwa kwenye pindo la kanga. Jumapili wote wawili wako kanisani wanasali, "Jina lako litukuzwe."

Sisi tuliopitia kipaimara tuliikariri amri: "Usilitaje bure jina la BWANA, Mungu wako." Wengi tulibaki na wazo kwamba inakataza kufuru na matusi tu. Lakini Katekisimo Ndogo ya Martin Luther, ya mwaka 1529, inapoieleza amri hiyo inataja pia uongo na udanganyifu unaofanywa kwa jina hilo. Walawi 19:12 nayo haizunguki: "Wala msiape uongo kwa jina langu." Mkristo wa kwetu ni nadra kumtukana Mungu. Anachofanya ni kumwandika mdhamini. Aliye kwenye VICOBA, vile vikundi vya kuweka na kukopa, anajua kwamba humjazi mtu kwenye fomu ya mkopo bila kumuuliza. Akigundua, urafiki umeishia hapo. Mungu tunamjaza kutwa nzima, tena kwa sado moja ya maharage.

Ninachowashauri wafanyabiashara wenzangu ndicho ninachokishika mwenyewe: taja bei yako, kisha nyamaza. Chukua mfano wa mchele. Hapa kwetu unalimwa jirani tu, Chekereni, kwenye mashamba ya umwagiliaji ya Lower Moshi, na ni mchele mzuri. Ila sifa ya kunukia ni ya Kyela, basi utakuta gunia la Chekereni limechomekwa kibao cha Kyela, na mteja akisitasita jina la Mungu linaitwa kuja kusaidia. Kibao changu kimeandikwa Chekereni. Mteja akiniambia niape, namjibu, "Mama, siapi. Chota kiganjani, nusa, tafuna punje mbili. Kapike nusu kilo, ukiona sivyo nilivyokwambia, rudi." Sitawaficha, wapo wanaoondoka na kununua kwa anayeapa. Wapo pia wanaomtuma mtoto mdogo peke yake na hela mkononi, kwa sababu wanajua atapimiwa sawasawa.

Bwana Yesu alisema, "Maneno yenu yawe Ndiyo, ndiyo, Siyo, siyo," na akaziba kila kichochoro cha kuapia. Mbingu? Ni kiti cha enzi cha Mungu. Nchi? Ni mahali pa kuwekea miguu yake. Kichwa chako? Huwezi kufanya unywele mmoja kuwa mweupe au mweusi. Kwa hiyo anayekwepa kwa kusema "haki ya nani" au "naapia mbingu na ardhi" hajakwepa kitu. Kiapo cha mahakamani ni suala jingine. Walutheri walikikubali tangu Ungamo la Augsburg, tamko lao la imani la 1530, Wamennonite kwa desturi yao hawaapi hata huko, na msimamo wao nauheshimu sana. Mimi nasema juu ya sokoni na nyumbani, ambako hakuna hakimu aliyekuuliza.

Halafu kuna "Mungu akijalia". Neno lenyewe ni jema, Yakobo 4:15 anatufundisha kusema, "Bwana akipenda, tutaishi na kufanya hivi au hivi." Yakobo alikuwa anamnyenyekeza mtu mwenye mipango yake. Kwenye daftari langu la madeni linatumika na mtu asiye na mpango wowote. "Mungu akijalia, Ijumaa" maana yake ni kwamba Ijumaa usinitafute, na nikimtafuta, aliyekosea ni Mungu ambaye hakujalia. Siku hizi nauliza kwa upole hela inaingia lini na kutoka wapi, tunaandika tarehe, ndipo tunasema Mungu akipenda. Asiye na jibu ni heri aseme, "Sina, naomba muda." Namheshimu huyo, na mara nyingi namwongezea muda.

Linaloniumiza kuliko yote liko ndani ya maombi yetu wenyewe. Binti mmoja wa kundi letu la maombi aliambiwa na kijana, "Mungu amenionyesha kuwa wewe ni mke wangu." Alikuja kwangu akilia. Binti hakumpenda kijana huyo, lakini atamkatalia vipi, wakati aliyesema ni Mungu? Aliona akikataa posa amekataa mapenzi ya Mungu. Nilimfungulia 1 Wakorintho 14:29, pale Paulo anapotaka manabii wanene na wengine wapambanue. Nikamwambia, Mungu aliyesema na kijana anajua na nyumbani kwenu, na kupima neno la mtu si kumpinga Mungu. Alikataa, na bado ni msichana anayemcha Bwana. Kijana, ukimpenda binti, mwambie "nakupenda" na usubiri jibu lake. Mchungaji, mzee wa kanisa, mwanakwaya, sema "mimi naona" pale unapoona wewe. Someni Yeremia 23 yote, mwone Mungu anavyowaambia wanaosema "nimeota ndoto" kwa jina lake.

Nyumbani, tuache kumtishia mtoto asiyetaka kula kwamba Mungu atamchapa. Ujumbe wa "tuma kwa watu kumi kabla ya saa sita usiku upokee muujiza" ufute tu. Huo una harufu ya uganga. Anayestuka na kuita "Mungu wangu!" pikipiki ikimkosakosa, mimi simkemei. Ameita mahali pa kuitwa.

Paulo aliwaandikia Warumi kwamba jina la Mungu latukanwa katika Mataifa kwa ajili yao wanaojisifia torati. Jirani yangu wa banda ni Mwislamu, na anasikia kila ninachosema tangu asubuhi. Salamu yetu ya "Bwana asifiwe" ilienezwa sana na watu wa Uamsho, ule uliowaka Gahini, Rwanda, miaka ya 1930 ukafika Uganda, Bukoba na Kenya. Wale walioguswa hawakuishia kwenye salamu na nyimbo. Walikwenda kuungama kwa waliowakosea na kurudisha walichoiba.

Basi kama uliapa ukamuuzia mtu kitu kisicho chenyewe, tubu, lakini usiishie chumbani. Mtafute mteja huyo, mweleze kilichokuwa ndani ya gunia, na uende na ile hela iliyozidi mkononi. Akikataa kuipokea, mwachie mezani.