Hita na AC ya nyuma kwenye Hiace ya zamani: maswali yenu

Wiki hii nimekusanya maswali ya aina moja. Hiace za umbo la H100, zile zilizoanza kutoka Japani mwaka 1989 kabla H200 haijachukua nafasi yake 2004, nyingi zilitufikia na vitu viwili huko nyuma: hita sakafuni, karibu na viti vya abiria, na AC yake ya pekee, kwa kawaida juu kwenye dari. Hita inapitisha maji ya injini. AC inapitisha gesi. Ukishika hilo, nusu ya maswali yamekwisha.

*Fundi, gari yangu inakula maji. Kila baada ya siku mbili naongeza, lakini chini ya rejeta ni pakavu kabisa. Kapeti chini ya kiti cha pili lina unyevu na ndani kuna harufu tamutamu. Naambiwa ni hita ya nyuma ndiyo ing'olewe. Ni kweli? (Morogoro)*

Ni kweli, na harufu hiyo ndiyo ushahidi: ni kulanti, yale maji ya kupozea injini. Ndani ya lile boksi la hita kuna kirejeta kidogo, na kama rejeta yoyote, kikizeeka kinatoboka. Hapo ulipo Morogoro huna kazi nacho, kiondoe.

Kuliondoa boksi lenyewe ni kazi ya boliti chache, mipira miwili ya maji na plagi ya waya. Kosa wanalofanya wengi ni kuziba mipira palepale kwenye hita na kwenda zao. Kutoka kwenye injini hadi kule nyuma kuna mabomba ya chuma yamepita chini ya sakafu, yamepigwa na matope na mawe miaka yote hiyo. Ukiziba nyuma, mabomba yanabaki yamejaa maji yenye presha, na ndiyo yatakayotoboka mwezi ujao, safari hii njiani. Ziba mbele, kwenye injini. Nyanyua viti vya mbele, fuata mipira miwili hadi inapochepuka.

Hapo angalia maji yanavyopita. Kama njia ya nyuma imechepushwa kwa viungo vya T kutoka kwenye mipira ya hita ya mbele, toa T zote mbili, weka mpira mzima, basi. Kama maji yanaenda nyuma kwanza ndipo yarudi kuendelea na mzunguko, usizibe! Unganisha ncha mbili kwa mpira mmoja wa kipimo kilekile ili maji yaendelee kutembea. Tumia mpira wa hita unaostahimili joto, si wa kumwagilia bustani, na klipu nzuri kila upande. Nimewahi kukuta kijiti cha mwarobaini kimechongwa na kugongewa ndani ya mpira. Kilikuwa kimechongwa vizuri, lazima niseme.

Yote hayo ufanye injini ikiwa imepoa kabisa, na kulanti ikingwe kwenye beseni. Ni tamu, mbwa wanaipenda, na inaua. Watoto pia wasiikaribie.

Ukimaliza, toa hewa. Egesha gari pua ikitazama juu mlimani, hita ya mbele iweke kwenye joto la mwisho, kofia ya rejeta ikiwa wazi washa injini ingali baridi, jaza taratibu hadi mapovu yakome. Kisha kagua maji asubuhi tatu mfululizo kabla hujawasha. Hewa ikinasa humo ndani gari itachemsha, na kama injini yako ni ya dizeli, ile aina inayoitwa 2L, hedi yake (kifuniko cha juu cha injini) ikichemshwa ni rahisi kupasuka.

*AC ya nyuma kwa matatu yangu haifanyi kazi tangu niinunue, ya mbele iko sawa. Fundi anataka kukata mabomba ya nyuma, ayaponde kwa nyundo na kuchomelea. Nimruhusu? (Mombasa)*

La, kaka. Kwanza, kabla ya spana yoyote, gesi itolewe kwa mashine. Gesi ya R134a inachemka kwenye nyuzi 26 chini ya sifuri: ikirukia jicho au kidole inagandisha papo hapo. Kuiachia hewani nako ni vibaya, maana kilo moja inashika joto la dunia zaidi ya kilo 1,000 za hewa ya ukaa. Na kama gari ni ya mwanzoni mwa miaka ya 1990, soma kibandiko. Huenda ni R12, ile inayokula tabaka la ozoni, iliyowekewa mkakati wa kukomeshwa na Mkataba wa Montreal wa 1987. Hizo mbili hazichanganywi, na hata oili zake ni tofauti.

Bomba la nyuma ni mawili: jembamba la presha kubwa na nene linalorudi kwenye kompresa, ile pampu inayosukuma gesi. Kwa joto la Mombasa, lile jembamba linapita presha ya psi 200 bila shida. Ncha iliyopondwa haiwezi kuaminiwa hapo. Zibo za kufunga kwa nati, zenye oringi (pete za mpira) mpya, zifungwe pale pale njia inapochepuka, kwenye mabomba yote mawili. Ukiacha kipande kirefu kilichozibwa mwishoni, oili inakwenda kulala humo na kompresa inakaukiwa. Baada ya hapo weka draya mpya (kichujio kinachonyonya unyevu), vuta vakyumu, yaani nyonya hewa yote kwa mashine, nusu saa au zaidi, ndipo ujaze. Angalizo: kiasi kilichoandikwa kwenye kibandiko ni cha AC zote mbili. Ukikijaza kwenye moja, presha inapanda kupita kiasi.

*Nikiitoa AC ya nyuma nitaokoa mafuta? (Dodoma)*

Kidogo mno. Anayekula nguvu ya injini ni kompresa, naye anabaki mbele. Kama inafanya kazi, iache.

*Waya zilizobaki nizikate? (Tanga)*

Usikate. Chomoa fyuzi ya feni ya nyuma, chomoa plagi, izungushie tepu ya umeme na ifunge isicheze. Atakayenunua gari atakushukuru. Tundu za mabomba sakafuni nazo zizibe kwa bati, ripiti na silikoni, la sivyo vumbi na moshi wa ekzosi vitapanda kwa abiria.

*Nina Hiace ya kubeba wanafunzi. Hita ya nyuma inafanya kazi vizuri, haivuji. Fundi mmoja anasema haina maana Tanzania, niitoe ampe mteja wake kwa bei nzuri. (Njombe)*

Mama, Njombe? Mwezi wa saba, saa kumi na mbili asubuhi, watoto wamevaa sweta mbili, halafu uuze hita? Mwambie huyo fundi akaitafute Dar es Salaam, huko zimejaa na hakuna anayeziwasha. Wewe badilisha mipira yake miwili kama imepasukapasuka, tia kulanti badala ya maji matupu, na uiwashe dakika chache kabla ya mtoto wa kwanza kupanda.